Waliohamia Katandala

Miezi ya Juni na Julai, mavuno yakiisha kuingizwa ndani na upepo wa baridi ukianza kushuka kutoka milima ya Mbizi, barabara za Ufipa hujaa watu wenye mizigo. Si wote waendao kuuza mahindi. Wengine wahama. Wapanda kutoka Bonde la Rukwa, Muze na Mtowisa, kwa njia zile za mteremko ambazo hata gari huzipanda kwa kuguna. Watoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kirando, Kabwe na Kasanga. Watoka Laela na Mpui kwa barabara ya lami itokayo Tunduma. Wote waja Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974. Na moja ya sehemu za mji wanamotafuta chumba ni Katandala.

Hufika baba na mama na watoto, na mara nyingi bibi mzaa baba, ambaye hakuna wa kumwachia huko nyuma. Mizigo yao ni gunia la mahindi, debe la maharage, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na jogoo aliyefungwa miguu. Baba ni mwalimu aliyehamishwa, au ni fundi aliyesikia kwamba mjini watu wajenga. Mama ataka watoto wasome karibu, au yeye mwenyewe ana ugonjwa unaomtaka afike hospitali kila mwezi. Wapata chumba katika nyumba yenye milango sita iliyozunguka ua mmoja. Jumapili ya kwanza wavaa nguo zao safi, waenda Misa, waliona kanisa limejaa hadi mlangoni, wasikia watu wakiitikia kwa sauti moja sala zile zile walizozizoea kigangoni kwao. Baba amnong'oneza mama: Hapa tumefika kwa wenzetu.

Je, wamefika?

Wasomaji wapenzi, hilo ndilo swali tulitakalo kulitafakari pamoja leo, wala si kwa ajili ya watu wa Ufipa peke yao. Mwenye kusoma gazeti hili akiwa Mwanjelwa kule Mbeya, au Mabatini kule Mwanza, au Majengo ya Moshi, anaijua jamaa hii. Pengine ni jamaa yake mwenyewe. Pengine ni ile iliyopanga mlango wa tatu kutoka kwake tangu mwaka jana, na hata leo hajui watoto wao wanaitwa nani.

Nchi yetu ilikwisha kujaribu njia moja ya kuwapatia Wakristu wageni makao, nayo yafaa tuikumbuke. Mwaka 1879 kapteni Mbelgiji, Cambier, alijenga kituo huko Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika upande wetu wa mashariki, kwa niaba ya chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Basi misioni ile, ambayo ndiyo mama wa imani katika Ufipa yote, ilianzia ndani ya ngome. Ilikuwa kambi hasa, yenye kuta na lango. Pembeni mwake wakakusanyika watu waliokombolewa utumwani, watoto yatima, na wengine waliokimbia mashambulio ya wateka watu. Walipewa mahali pa kujenga na shamba la kulima. Vijana waliolelewa misioni walipokua, waliozwa wao kwa wao, wakapewa nyumba, na kijiji kikaongezeka. Padre alikuwa baba yao, na mkuu wa kijiji, na hakimu wa kesi zao. Hali kadhalika ndivyo walivyofanya Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo tangu mwaka 1868, walipowajengea waliokombolewa kijiji chao kando ya misioni.

Wako wasomi wa siku hizi wanaovicheka vijiji vile, wakisema vilikuwa utumwa mwingine wenye rozari. Neno hilo ni jepesi mno. Utamfanyia nini mtoto wa miaka minane asiyejua kwao ni wapi, ambaye lugha aliyonyonya kwa mama yake hakuna hata mmoja aijuaye katika mwendo wa siku arobaini? Ukoo wake umekatwa. Hana mjomba wa kumtetea wala shangazi wa kumwoza. Mapadre wale walifanya kazi ya wajomba na mashangazi kwa kadiri walivyoweza, tena wengi wao walizikwa huko huko wakiwa bado vijana, kwa homa.

Lakini na tuseme ukweli wote. Katika kambi ile mtu aliishi kwa kengele. Kengele ilimwamsha, kengele ilimpeleka shambani, kengele ilimwita katekisimu, kengele ilimlaza. Mtu aweza kuitii kengele miaka kumi pasipo mtu yeyote kujua moyoni mwake mna nini, hata yeye mwenyewe asijue. Ndiyo sababu katika vijiji vya namna ile wengine, walipoona njia ziko wazi, walijiondokea na hawakurudi. Walikuwa wamekaa karibu na altare siku zao zote, na bado hawakuwa wenyeji wake.

Tena wako waliobaki, wakawa wenyeji kuliko wenyeji. Nani katika jimbo lile asiyelijua jina la Adriani Atiman? Alizaliwa mbali sana, kando ya mto Niger karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie alimpeleka kisiwani Malta ajifunze uganga wa kizungu, na mwaka 1889 akafika Karema, kijana asiye na ndugu hata mmoja katika nchi nzima hii. Angeweza kukaa ndani ya ngome na chupa zake za dawa. Hakukaa. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa huku huku, mtu mwenye ukoo na wakwe na desturi zake. Na kwa ndoa ile mgeni akapata shemeji, na shemeji wakampatia wagonjwa, na wagonjwa wakampatia nchi. Alitibu na kufundisha dini, daktari na katekista pamoja, zaidi ya miaka 65, hata alipofariki Karema mwaka 1956. Mwana wake Yosefu alipewa upadre mwaka 1923. Fikirini, wasomaji: mtoto aliyeuzwa sokoni amemzaa mtu wa kutoa sadaka ya Misa, na kati ya mmoja na mwingine hakuna kitu ila nyumba moja, meza moja, na mama mmoja aliyemfundisha mtoto kupiga ishara ya msalaba.

Tangu miaka ya 1890 mapadre walianza kupanda kutoka ziwani na kujenga misioni katika nchi ya Wafipa. Hapo jambo likabadilika. Wafipa hawakuwa watu waliokatwa na koo zao. Walikuwa na vijiji vyao, watemi wao na mashamba yao ya matuta. Hawakuwa na haja ya kambi. Mtoto alikwenda misioni kusoma, akabatizwa, kisha akarudi nyumbani kwa baba yake. Akamkuta baba bado anatambika, na bibi bado anaweka pombe ya mizimu, naye akakaa hapo hapo, akaoa, akalima, akasali. Aghalabu aliyewaleta wazazi wake kwenye ubatizo ni mtoto huyo. Mwaka 1907 wakaanzishwa huko Karema masista wenyeji, wanaoitwa leo Masista wa Maria Malkia wa Afrika, na ni jamaa zile zile zilizowatoa mabinti hao, ijapokuwa kumtoa binti asiolewe lilikuwa jambo gumu na geni kabisa kwa wazee. Mwaka 1958 Mheshimiwa Karolo Msakila akawa Askofu wa Karema, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Na mwaka 1969 jimbo likachukua jina la Sumbawanga. Kwa muda wa miaka themanini hivi, imani ilitoka katika ngome ya ziwani ikapanda mlimani, na njia iliyopita ilikuwa milango ya nyumba.

Sasa tuirudie jamaa yetu ya Katandala, maana hali yake haifanani na ya Karema wala na ya kijijini.

Ngome haina. Hakuna kengele itakayoamuru aamke wala alale. Ile ya kanisani yaita tu, na asiyetaka huvuta blanketi. Ukoo nao hauna. Kijijini baba akilewa siku tatu mfululizo, kaka yake mkubwa huja asubuhi na mapema, akaketi kwenye kigoda bila kusema neno, na aibu ikafanya kazi yake. Mjini hakuna wa kuja. Mlango ukifungwa umefungwa. Kodi ya chumba yadaiwa, unga wapimwa kwa kilo, maji yalipiwa kwa ndoo, hata mkaa ni wa kopo. Baba aliyezoea kuwalisha watu kumi kutoka ghala lake, sasa aona haya mbele ya mwanawe kwa ajili ya senti za daftari. Ndipo akopapo kwa simu, na kulipa deni kwa kukopa tena. Ndipo akaapo baa, maana pale kuna mwanga, na watu, na hakuna amdaiye mpaka usiku uishe. Mama hufanya biashara ndogo sokoni na kurudi giza limeingia. Watoto hulelewa na ua. Nani atawafundisha Baba Yetu? Ua ule una milango sita na huenda dini nne, na kila mlango una redio yake.

Hatuusemi mji vibaya. Wako wahubiri wanaopenda kuulaani mji kana kwamba shetani haendi shamba. Mjini mtoto hupata shule, mgonjwa hupata daktari, msichana aliyetaka kuozwa mapema hupata mtu wa kumsemea. Mjini pia mtu huanza kusali kwa sababu yeye mwenyewe ataka, na sala hiyo Mungu aipenda sana. Lakini uhuru huo ni mzito kuubeba mtu akiwa peke yake, na jamaa iliyohama huwa peke yake kwa namna ambayo aliyezaliwa hapo hawezi kuiona.

Pana jambo jingine, nalo twalisema kwa uchungu. Wazee hulieleza jina la Sumbawanga kwamba maana yake ni "tupa uchawi". Kwa bahati mbaya, watu wengi wa nchi hii walitajapo jina hilo hutaja uchawi wala hawautupi. Jamaa mpya ifikapo mtaani na bibi yao, mzee, mkimya, asiyejua lugha ya jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sabini, haupiti mwezi kabla hajaanza kutazamwa. Mtoto wa jirani akiugua homa, watu hunong'ona. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa minong'ono kama hiyo. Hilo si hadithi, ni habari ya mahakama na ya makaburi. Na wanaonong'ona, ndugu zangu, si wapagani tu. Ni watu waliopokea Komunyo asubuhi. Kinywa kilichompokea Bwana Yezu saa moja ya Misa ya kwanza, saa tano kimemtaja mama mzee kuwa mchawi, kwa kuwa tu hana mtu wa kumjibia. Yeye hakuja Katandala kumdhuru mtu. Alikuja kwa sababu kijijini hakubaki wa kumtekea maji.

Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka wake Exsul Familia wa tarehe 1 Agosti 1952, aliiweka Jamaa Takatifu ya Nazareti, wakati walipokimbilia Misri, iwe mfano na kinga ya kila jamaa iliyolazimika kuhama kwao. Tuitazame basi jamaa ile kwa macho ya mtaani. Fundi seremala wa ugenini, mke kijana, mtoto mchanga. Wamefika usiku, hawana barua ya utambulisho, lafudhi yao si ya hapa, na hawapendi kueleza sana kwa nini wameondoka kwao, maana mfalme anawatafuta. Mwenye nyumba wa Misri aliyewapangisha hatukuambiwa jina lake. Alimpa Mungu chumba, na pengine alikufa bila kujua.

Katika Matendo ya Mitume mna jamaa nyingine tuipendayo zaidi kwa habari hii, kwa sababu ilihama mara nyingi na kila mara ilifika kweli. Ni Akwila na mkewe Prisila. Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi Roma, yapata mwaka 49, wao walikwenda Korinto, mji wa bandari wenye sifa mbaya kushinda mtaa wowote wetu. Walikuwa mafundi wa mahema. Alipofika Paulo, naye mgeni, mpweke na mwenye ufundi ule ule, walimkaribisha akakaa kwao na kufanya kazi nao. Hakuna palipoandikwa kwamba kwanza walimwuliza ameandikishwa wapi. Kisha wakahamia Efeso. Huko alitokea mhubiri hodari, Apolo, mwenye ufasaha mwingi na mafundisho pungufu. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kando, mume na mke pamoja, wakamweleza njia ya Mungu kwa ukamilifu zaidi. Na Paulo anapotuma salamu kutoka Efeso, ataja kanisa linalokutana nyumbani mwao. Na anapowaandikia Warumi, maana wakati huo walikuwa wamekwisha kurudi Roma, ataja tena kanisa lililo katika nyumba yao. Miji ni mitatu, na popote walipotua palikuwa na mlango uliofunguliwa. Hawakungoja kupata nyumba yao wenyewe. Yamkini walipanga, kama tupangavyo sisi.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliyafafanua hayo kwa urefu mwaka 1981. Maaskofu wetu wa Afrika ya Mashariki waliona kwamba kanisa la nyumba moja halitasimama bila la jirani, ndipo katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976 wakachagua njia ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristu. Waliona mbali. Walijua kwamba watu wetu wangehama, na kwamba parokia yenye maelfu haiwezi kuwa mjomba wa mtu. Jumuiya ya nyumba kumi au kumi na tano yaweza. Iliwekwa ili mgeni asikae wiki mbili mtaani bila kujulikana jina.

Je, sisi tumeifanya nini?

Imesikika katika majimbo yetu mengi, wala si siri, kwamba jamaa mpya hufiwa, baba huenda kwa mwenyekiti wa jumuiya kuomba mazishi ya Kanisa, naye hufungua daftari, hupitisha kidole chini, husema: Huyu hatumjui. Hajahudhuria. Hajatoa zaka. Michango ya mwaka huu hajamaliza. Na maiti ya mtoto yalala ndani ya chumba cha kupanga, huku watu wazima wakijadiliana kama yastahili msalaba.

Tunawajua viongozi wa jumuiya. Wengi wao ni watu wema, wenye kutumika bila mshahara, na wamechoka kuona watu wanaoikumbuka jumuiya siku ya msiba tu. Malalamiko yao ni ya kweli. Lakini daftari la mahudhurio si sheria ya Kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, yawataja wanaopaswa kunyimwa maziko ya Kikanisa iwapo kabla ya kufa hawakuonyesha dalili yoyote ya toba: waasi wa imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristu, na wakosefu wengine wa wazi ambao kuwazika Kikanisa kungewakwaza waamini. Pakiwa na shaka yoyote, aulizwe Askofu. Asiyehudhuria jumuiya hakutajwa humo. Aliyechelewa kutoa zaka hakutajwa. Wala mtoto mdogo hawezi kuhukumiwa kwa daftari la baba yake.

Tena sheria hiyo hiyo ina neno zuri ambalo watu wengi hawajapata kulisikia. Kanuni ya 102 yasema kwamba mtu akikaa katika parokia kwa nia ya kudumu hapo, amepata makao yake hapo kwa nia hiyo, tangu anapotua. Na akikaa kwa nia ya miezi mitatu tu, amepata makao ya muda. Kanuni ya 107 yaongeza kwamba kwa makao hayo, ya kudumu au ya muda, mtu hujipatia paroko wake na Askofu wake. Hata asiye na makao popote, mtu wa kutangatanga, paroko wake ni yule wa mahali alipo wakati huo. Angalieni hapo: katika Kanisa Katoliki hakuna mtu asiye na paroko. Jamaa ile iliyoshusha jogoo na godoro Katandala jioni ya Ijumaa, Jumapili asubuhi haikuingia kanisani kama wageni waalikwa. Iliingia kwao. Atakayewaambia kwamba wao si wa hapa anawanyima kitu ambacho si chake.

Baada ya kuwaambia wenyeji, haki yataka tuwaambie na wahamiaji, wala tusiwabembeleze. Wako wanaohama hasa ili wasijulikane. Kijijini alikuwa na mke wa ndoa. Mjini anaishi na mwingine, na anasali nyuma ya nguzo, na anaondoka kabla ya baraka ya mwisho asije akaulizwa neno. Wako wanaojificha kwa umaskini: waona haya kwamba jumuiya ikija kusali kwao hakuna viti, hakuna chai. Ndugu, leteni mkeka. Kama jumuiya yenu imefika mahali pa kuhesabu vikombe vya chai, kosa ni la jumuiya, nanyi mtairudisha kwenye akili zake kwa kuwawekea maji ya kunywa na uso mchangamfu. Na yule mwenye ndoa isiyotengenezwa asijifungie nje kwa hukumu yake mwenyewe. Na aende kwa padre, aeleze yote tangu mwanzo. Mara nyingi kizuizi alichokihofia miaka mitano ni mahari iliyosalia kidogo, au wazazi ambao hawajaonana, mambo ambayo jirani wawili wenye busara wangeyamaliza kwa safari moja ya Jumamosi.

Lakini la kwanza kwa wahamiaji ni lile la ndani ya chumba. Msingoje kusaidiwa ndipo msali. Mfipa alimapo, hufukia majani chini ya tuta la udongo. Majani hayaonekani tena, yaoza kimya, na mwaka ufuatao ndiyo yanayolisha mbegu. Sala fupi ya jioni ya baba na mama na watoto, pamoja na bibi ambaye labda anasali Kifipa na wala asifahamike na wajukuu, ni kazi ya namna hiyo. Dakika kumi zatosha. Taa ikiwa imezimika kwa kukosa umeme, ni vizuri zaidi, maana na televisheni ya jirani itakuwa imezimika. Baba asimwachie mama peke yake kazi hii. Twajua jamaa nyingi ambamo mtoto wa kiume hakupata kumwona baba yake amepiga magoti hata mara moja. Afikapo miaka kumi na mitano huamua kwamba magoti ni ya wanawake, na hakuna mahubiri yawezayo kuliondoa wazo hilo kichwani mwake.

Nao wenyeji wa mtaa wafanye lile lililo dogo kabisa: waende. Asingojewe mgeni aje kujiandikisha. Wawili kutoka jumuiya, mume na mke ikiwezekana kama Akwila na Prisila, wapige hodi wiki ile ile ya kwanza, bila daftari na bila bahasha ya mchango. Waulize majina ya watoto na kuyakumbuka. Wamwonyeshe mama mahali pa maji yasiyo ghali, na duka lisilopunja, na saa za katekisimu. Wamwamkie bibi kwa heshima yote, na ikiwa yupo mtaani mtu ajuaye lugha yake, huyo aletwe; ni ajabu jinsi uchawi unavyotoweka mtu akisikika anacheka kwa lugha yake. Jumapili waongozane nao kanisani, wakae benchi moja.

Mwisho tujibu jambo ambalo wasomaji wahamiaji hulihofia sana, yaani vyeti. Atokaye parokia moja kwenda nyingine, yafaa aombe barua kwa paroko au kwa katekista wa kigango chake kabla ya kuondoka, na achukue cheti chake cha ubatizo. Aliyeondoka bila barua asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Na aliyepotewa na cheti, au kikaliwa na mchwa, hajapotewa na ubatizo. Jina lake limo katika kitabu cha parokia alikobatizwa, na kitabu hicho ndicho kinachoandikwa pia kipaimara chake na ndoa yake. Paroko wa mahali anapokaa sasa ataandika barua kuuliza huko. Aje ofisini na jina la parokia ile, jina la baba na mama yake, jina la msimamizi wake wa ubatizo, na mwaka, hata kama ni wa kukisia, kama vile mwaka wa njaa fulani au wa kujengwa shule. Asipoukumbuka kabisa, amlete bibi.